Bega linauma: lipime kwanza, ndipo ulitibu bila kupasuliwa

Mvua za kwanza zikishuka Dodoma, mwishoni mwa Novemba au Desemba, jembe lililolala tangu Mei linatolewa nje na mtu analima siku tano mfululizo. Siku ya sita mkono haunyanyuki hata kuvaa shati. Hakuna kilichovunjika, wala si baridi iliyoingia kwenye bega kama majirani watakavyomwambia. Kano zake zimepewa kazi ya mwezi mzima ndani ya wiki moja. Nyumba ya pili kuna mama wa miaka 52 mwenye kisukari. Hajashika jembe mwaka huu, lakini mkono wake umekataa kwenda nyuma, hata kufunga gauni mgongoni anaomba msaada. Wote wawili wataenda duka la dawa na kupewa vidonge vile vile, watachuliwa kwa mafuta yale yale, na mmoja wao atazidi kuumia kwa kuchuliwa huko. Ndiyo maana hapa tunaanza na kipimo kabla ya dawa.

Bega lilivyoundwa

Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara kama mpira, na kinakaa kwenye tundu dogo lisilo na kina la kombe la bega. Fikiria chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha chai. Uhuru wote wa bega unatoka hapo, na udhaifu wake pia. Kinachozuia chungwa lisiteleze ni kano za misuli minne midogo, inayotoka kwenye kombe na kuushika mpira mbele, juu na nyuma. Ule msuli mkubwa wa nje, pale wanapochoma chanjo, ndio unaonyanyua mkono. Hii minne kazi yake ni kuubakiza mpira katikati wakati mkono unapanda. Juu ya kano kuna dari ya mfupa, na kati yake kuna kifuko chembamba chenye ute. Halafu kiungo chote kimevishwa mfuko wa nyama ngumu, ambao kwa kawaida umelegea vya kutosha kuruhusu mkono uende kila upande.

Kano zikiuma, maumivu huwa hayakai juu ya bega. Husikika pembeni, kwenye msuli wa chanjo, wakati mwingine hadi karibu na kiwiko. Watu wengi huchua mahali pale wakidhani ndipo palipoumia, kumbe chanzo kiko juu zaidi, chini ya dari ya mfupa.

Maumivu yasiyosubiri kipimo cha nyumbani

Bega la kushoto likiuma pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba au pumzi kukata, hilo ni suala la moyo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwanamke aliyekosa siku zake, ana maumivu ya tumbo la chini na ncha ya bega inamchoma, huenda mimba imetunga nje ya mfuko na damu inavuja tumboni. Naye asisubiri hata saa moja. Aliyepigwa tumboni au kupata ajali ya pikipiki na bega la kushoto likaanza kuuma bila bega lenyewe kuguswa, bandama inaweza kuwa imepasuka.

Bega lililovimba, lina moto na mtu ana homa, kunaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo. Huo hula gegedu ndani ya siku chache. Bega lililoteguka baada ya kuanguka, umbo likabadilika, lisivutwe na mtu nyumbani wala na mganga wa mifupa: neva na mshipa wa damu hupita kwapani, na kuvuta kwa nguvu kunaweza kuvikata au kuvunja mfupa. Lifunge kwa khanga jinsi lilivyo, nenda hospitali.

Wenye kukonda bila sababu, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, au waliowahi kutibiwa saratani, waende wapimwe kabla ya kuanza zoezi lolote. Kifua kikuu huweza kukaa kwenye kiungo cha bega. Mwenye selimundu pia, kwa sababu kichwa cha mfupa wa mkono kinaweza kufa kwa kukosa damu, na hilo huonekana kwa eksirei.

Kipimo cha nyumbani, dakika kumi

Tafuta mtu wa kukusaidia. Vua shati au baki na fulana, kaa kwenye stuli.

Hatua ya kwanza ni ya shingo. Geuza uso upande unaouma, kisha inua kidevu taratibu. Kama maumivu yanashuka mkononi kupita kiwiko, vidole vinasisimka au kufa ganzi, chanzo ni shingo. Dalili nyingine nzuri: weka kiganja cha mkono unaouma juu ya utosi. Ukipata nafuu ukiwa umekaa hivyo, neva ya shingoni ndiyo iliyobanwa. Mazoezi ya bega hayatakusaidia sana.

Hatua ya pili, inua mkono wewe mwenyewe kupitia pembeni, kutoka pajani hadi sikioni, taratibu. Kano zilizochoka huuma katikati ya safari, mkono unapotoka chini kidogo ya usawa wa bega na kupita juu yake, kisha huachia ukikaribia sikio. Wakati wa kushusha huuma tena pale pale, mara nyingi zaidi kuliko wakati wa kupandisha. Ukiuma mwishoni kabisa, juu ya bega pale mtulinga unapoishia, ni kiungo kidogo cha hapo kimechakaa. Kipumzishe na kazi za kunyanyua juu ya kichwa, na mengine ya hapa chini yanakifaa.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua, na ndiyo inayorukwa. Kunja kiwiko nyuzi 90, kibane ubavuni na khanga iliyokunjwa katikati ili kisitoroke, kiganja kikitazama upande wa pili. Sasa legeza mkono kabisa. Msaidizi ashike kifundo cha mkono na kukisukuma polepole kuelekea nje, kama anayefungua mlango. Fanya mkono mzima kwanza ili mjue kawaida yako ni ipi. Mkono mbovu ukifika karibu sawa na mzima, hata kama unauma, tatizo ni la kano. Ukigoma katikati kama umegonga ukuta, na msaidizi hawezi kuusogeza wala wewe huwezi, mfuko wa bega umekaza: hilo ni bega lililoganda, au kwa mzee, kiungo kilichochakaa. Eksirei moja inatosha kutofautisha hayo mawili.

Kosa la kawaida hapa ni kuacha kiwiko kiondoke ubavuni, mwili nao ukageuka kufuata mkono. Mtu anaonekana amezunguka vizuri kumbe amegeuza kiuno.

Na kama hatua zote tatu hazibadilishi maumivu kwa namna yoyote, bega linauma vile vile likisogea au likitulia, tafuta sababu nje ya bega. Mapafu, ini, nyongo na moyo vyote hutuma maumivu mabegani.

Bega la kano: punguza kazi, usiiache

Kumfunga mtu mkono kwa kitambaa wiki tatu ni kumharibia. Kano isiyovutwa hudhoofika, na kazi ya kawaida ikirudi inakuta kano dhaifu kuliko mwanzo. Kinachotakiwa ni kazi iliyopimwa.

Kwa wiki mbili za kwanza ondoa yale yanayochokoza. Tazama mtu anavyojitwika ndoo ya lita 20: anainama, anaivuta hadi kifuani, kisha anaisukuma juu viwiko vikiwa wazi pembeni. Pale ndoo inapopita usawa wa macho, kilo 20 zote ziko juu ya zile kano nne na mikono iko kwenye pembe mbaya kuliko zote. Ikishatulia kichwani, bega linapumua. Kwa hiyo usijitwike. Mtu akutwike na akutue. Kama uko peke yako, chota nusu ndoo mara mbili. Kwenye zabibu za Hombolo au Mpunguzi, kupogoa matawi ya waya wa juu siku nzima mkono ukiwa juu ya bega ni chanzo kile kile: panda juu ya kigogo au kreti imara ili mkasi ukae usawa wa kifua, na ubadilishe mstari wa juu na kazi ya chini kila dakika 20. Wapaka rangi na wapiga plasta wa dari kwenye majengo ya Mji wa Serikali, Mtumba, watumie rola yenye mpini mrefu na jukwaa la juu zaidi. Wa ofisini, sogeza kipanya karibu na mwili. Mkono ulionyooshwa mbele saa nane kwa siku nao ni mzigo.

Usiku lala kwa upande mzima ukikumbatia mto, ili mkono mbovu usianguke mbele ya kifua. Ukilala chali, weka khanga iliyokunjwa chini ya kiwiko, kisining'inie nyuma. Jambo dogo hili huwarudishia watu usingizi kuliko kidonge.

Katika wiki hizo mbili fanya mazoezi mawili tu. La kwanza, inama ukishika meza kwa mkono mzima, acha mkono mbovu uning'inie, na uuyumbishe kwa kusogeza kiuno, mbele na nyuma, kisha kwa duara dogo, dakika mbili, mara tatu kwa siku. Mkono usijinyanyue wenyewe. Ukiona bega linakaza, unaufanya kazi badala ya kuuyumbisha. La pili, simama kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa na kubanwa ubavuni, sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja kuelekea nje kwa nusu ya nguvu zako. Shikilia sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja, rudia mara tano. Hakuna kinachosogea, lakini kano inafanya kazi, na wengi hupata nafuu ya saa kadhaa baada yake.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya 12 ndipo matibabu yenyewe yalipo. Vifaa: tyubu kuukuu ya baiskeli na chupa za maji. Kata tyubu upate ukanda wa mita moja na nusu, upana wa vidole vitatu, na ukague kwa kuuvuta mwangani. Wenye nyufa utakatika usoni mwako. Funga kwenye nondo za dirisha usawa wa kiwiko. Chupa ya nusu lita yenye maji ni nusu kilo. Ukiijaza mchanga mkavu inafika karibu gramu 800. Chupa ya lita moja na nusu ya maji ni kilo moja na nusu.

1. Simama ubavu mzima ukielekea dirishani, mkono mbovu umeshika tyubu, khanga iliyoviringwa kati ya kiwiko na ubavu. Vuta kuelekea nje kwa sekunde mbili, rudisha kwa sekunde nne. Mara 10, pumzika dakika moja, mizunguko mitatu. Khanga ikianguka, kiwiko kimetoroka, na hapo msuli mkubwa unamwibia kazi ule mdogo.

2. Geukia dirisha, shika ncha zote mbili, vuta viwiko nyuma hadi makombe ya mabega yakaribiane. Shikilia sekunde mbili. Hesabu ile ile.

3. Shika chupa ya nusu lita, dole gumba juu, inua mkono ukiwa kati ya mbele na pembeni, ukomee usawa wa bega. Ukiona kwenye kioo bega linapanda kuelekea sikio, chupa ni nzito au unaenda juu mno, punguza kimojawapo. Wenye maumivu makali waanze bila chupa.

4. Egemea ukuta kwa viganja, miguu hatua moja nyuma, kunja na nyoosha viwiko kama pushapu. Mwishoni sukuma kidogo zaidi ili mgongo wa juu utanuke.

Fanya siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Si kila siku, kwa sababu kano inahitaji siku ya katikati kujijenga. Kanuni ya maumivu ni hii: kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, tatu au nne wakati wa zoezi zinavumilika, mradi kesho asubuhi bega liwe kama lilivyokuwa jana. Likiamka baya zaidi, punguza mizunguko au uzito, usiache kabisa. Ukiweza mizunguko mitatu ya mara 15 kwa umbo zuri, ongeza: kunja tyubu mara mbili, au jaza mchanga.

Wengi huacha wiki ya tatu au ya nne kwa sababu hawajaona tofauti. Huo ni wakati mbaya wa kuacha. Kano hubadilika polepole kuliko msuli, na nafuu ya kueleweka huanza kati ya wiki ya sita na ya 12.

Bega lililoganda

Hili huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wote. Kwa sababu hiyo, aliyegandwa na bega bila kuumia popote apime sukari, hata kama hajawahi kuambiwa anayo. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L au zaidi kwa vipimo vya siku mbili tofauti, ni kisukari, na bega limekuwa mjumbe wa ugonjwa mkubwa kuliko lenyewe.

Mfuko wa bega unavimba, kisha unanenepa na kusinyaa. Miezi ya mwanzo maumivu ni makali, hasa usiku. Baadaye maumivu yanapungua lakini mkono unabaki mgumu, kisha unaanza kulegea kidogo kidogo. Safari yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na baadhi hubaki na ugumu kiasi. Mgonjwa aambiwe ukweli huu mapema, maana asiyeambiwa atazunguka kwa waganga sita akidhani kila mmoja ameshindwa.

Katika kipindi cha maumivu makali, usilazimishe. Hapa ndipo yule mama wa kisukari anapoumizwa: anashikwa na watu wawili, mkono unavutwa juu "ufunguke", na mfuko uliovimba unachanika na kuvimba upya. Mchuo mwepesi wa misuli ya shingo na mgongo wa juu hauna ubaya. Chale hazifiki kwenye mfuko, zinaleta vidonda tu, na kwa mwenye kisukari kidonda ni hatari.

Pasha bega joto kwanza, taulo lililolowekwa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15. Mwenye ganzi mikononi kwa kisukari apimiwe joto na mtu mwingine. Kisha lala chali, shika mpini wa fagio kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa ubavuni, na mkono mzima uusukume mbovu kuelekea nje hadi unapovutika bila kuchoma. Shikilia sekunde 20 hadi 30, rudia mara tano. Halafu kaa mezani, teleza kiganja mbele juu ya kitambaa huku kifua kikiinama. Halafu pandisha vidole ukutani kama mtu anayetambaa, na uweke alama ya chaki ulipofika. Alama za kila wiki zitakuonyesha maendeleo ambayo macho hayaoni. Mara mbili au tatu kwa siku. Maumivu yakidumu zaidi ya nusu saa baada ya kumaliza, umevuta kupita kiasi.

Vidonge na sindano

Parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Soma karatasi ya dawa nyingine unazomeza, kwa sababu vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa madukani ni mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli, na mtu anajikuta amemeza dozi mbili bila kujua. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, siku tano hadi saba, inasaidia, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, moyo dhaifu au ujauzito, na mwenye presha au pumu amuulize daktari kwanza. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi kwa tumbo.

Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, inayochomwa ndani ya bega inafaa zaidi kwa bega lililoganda likiwa bado kwenye miezi ya maumivu. Hutuliza, na hapo ndipo mazoezi yanapowezekana. Kwa kano, nafuu yake ni ya wiki chache, na kurudia rudia hudhoofisha kano yenyewe. Madaktari wengi hawavuki tatu kwa mwaka kwenye bega moja. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari itapanda siku kadhaa baada ya sindano, aipime kila siku kwa wiki nzima. Na sindano ya steroidi ya matakoni kutoka dukani si kitu kimoja na hii.

Picha na kisu

Usikimbilie MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha kano. Watu wengi waliovuka miaka 60 wana mipasuko kwenye kano bila maumivu yoyote, kwa hiyo picha yenye mpasuko haithibitishi kwamba ndio unaouma. Uingereza walilinganisha upasuaji wa kukwangua ile dari ya mfupa na upasuaji wa kuchungulia tu bila kukwangua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na waliokwanguliwa hawakupata nafuu ya maana kuliko waliochunguliwa.

Wanaostahili kuonwa na daktari wa mifupa mapema ni wengine: aliyeanguka na tangu siku hiyo hawezi kabisa kunyanyua mkono, ambaye msaidizi akimnyanyulia unaporomoka, huyo huenda kano imekatika, na kuchelewa kwa miezi kunapunguza uwezekano wa kuishona. Na kijana ambaye bega limeteguka zaidi ya mara moja. Kwa wengine, omba rufaa ya fiziotherapia, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, ukiwa umekamilisha wiki 12 kwa uaminifu bila nafuu, na uende na maelezo ya ulichofanya: zoezi gani, mara ngapi, uzito gani.

Kurudi kwenye jembe

Usirudi kwa siku nzima. Wiki ya kwanza lima dakika 20, siku moja ndiyo, moja hapana. Ongeza dakika kumi kila wiki kama bega la asubuhi halijalalamika. Usiinue jembe juu ya kichwa. Lipandishe hadi usawa wa kifua na uache uzito wake ushuke wenyewe, na ubadilishe mkono wa mbele kila mstari. Anza zoezi la tyubu mwezi Septemba, wiki kumi kabla ya mvua, ili kano zikutane na shamba zikiwa tayari zimeshafanya kazi.